Maswali ya Gereji: Koilova za Datsun 240Z na barabara zetu

SWALI: Fundi, salamu nyingi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyokuwa ya mjomba wangu. Nimemaliza injini na rangi, sasa nimefika miguuni. Gari linayumba kwenye kona, likipita tuta linaendelea kurukaruka, na nyuma limekaa chini kuliko mbele. Siku za kazi huliendesha mara moja moja kutoka Lang'ata hadi Westlands, na Jumapili napenda kuteremka nalo Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu. Kuna jamaa ana seti ya koilova (shoki zilizovikwa springi, zenye ringi ya kurekebisha kimo cha gari) kutoka Japani, ingali kwenye katoni, springi za mbele kilo 8 na za nyuma kilo 6. Ningependa pia gari lishuke sentimita 7 hivi, likae kama yale ya kwenye picha. Ninunue? Na kazi ya kufunga nimpe nani? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Kaka, hiyo seti mwachie jamaa. Si mbovu hata kidogo. Imetengenezewa uwanja wa mashindano, mahali ambapo lami ni laini mwanzo mwisho na dereva anaijua kila kona kabla hajaifikia. Wewe una matuta, una mitaro ya mabomba iliyofukuliwa ikafukiwa vibaya, una kingo za lami zilizoliwa na mvua ya masika. Nitakuonyesha kwa hesabu ndogo, kwa sababu hapa ndipo nawaona watu wakipoteza pesa nyingi: wananunua miguu ya gari kwa macho.

Ukiona springi imeandikwa kilo 8, maana yake inahitaji uzito wa kilo 8 ili ibonyee milimita moja. Katoni za Marekani huandika pauni kwa inchi. Kilo moja kwa milimita ni kama pauni 56 kwa inchi, kwa hiyo hizo zako ni karibu pauni 450. Springi ambazo 240Z ilitoka nazo kiwandani hazifiki hata kilo 2. Unataka kuweka kitu kigumu zaidi ya mara nne, na gari ni lile lile.

Sasa chukua kalamu. Gari lako lina uzito wa kilo 1,050 hivi. Kabla dereva hajaketi, kila kona inabeba kilo 260 na ushei. Ondoa gurudumu, breki na kitovu chake, vitu ambavyo havikalii springi, unabaki na kama kilo 230. Zikalishe hizo 230 juu ya springi ya kilo 8: inabonyea milimita 29 tu. Hizo 29 ndizo akiba yote uliyo nayo ya kwenda chini. Gurudumu likikuta shimo lenye kina zaidi ya hapo, springi imeshaachia, hakuna kinachosukuma tairi lifuate barabara isipokuwa uzito wa gurudumu lenyewe, na ukingo wa pili wa shimo unakuja kukugonga. Zikalishe kilo hizo hizo juu ya springi ya kilo 3, inabonyea milimita 77. Hapo tairi lina nafasi ya kushuka shimoni na kutoka huku bodi imetulia.

Hesabu hii inakaa sawa kwako kwa sababu 240Z ina nguzo ya shoki mbele na nyuma, na nguzo hiyo imesimama karibu kabisa na gurudumu. Gurudumu likipanda milimita 10, springi nayo inabonyea karibu 10. Magari ambayo gurudumu linashikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, hayako hivyo. Kwa hayo springi inasafiri kidogo kuliko gurudumu, na namba zake ni lazima ziwe kubwa zaidi. Kwa hiyo usichukue namba ya gari la rafiki yako ukaiweka kwenye lako.

Kwa gari lako, na kwa njia ulizonitajia, mimi ningeanza na kilo 3 mbele na kilo 3.5 nyuma. Kwa kilo 3, bodi hupanda na kushuka kama mara 1.8 kwa sekunde. Kwa kilo 8 ni karibu mara 3, na mgongo wako utaihesabu kila moja. Nyuma nimezidisha kidogo kwa makusudi. Tuta hugonga magurudumu ya mbele kwanza, ya nyuma yanafuata. Miguu ya nyuma ikiwa na haraka kidogo kuliko ya mbele, inaiwahi, na gari zima linatulia pamoja badala ya pua kupanda huku mkia unashuka. Na Naivasha huendi mikono mitupu. Buti litakuwa na mizigo.

Najua swali lako linalofuata, maana wengi huniuliza: si ninunue ile seti halafu nibadilishe springi tu? Hapana. Kazi ya springi ni kubeba gari na kazi ya shoki ni kuizuia springi isichezecheze. Shoki iliyotengenezewa kilo 8 ina nguvu kubwa sana ya kuzuia kurudi. Ukiiwekea springi ya kilo 3, springi haitaweza kulisukuma gurudumu lirudi chini kwa wakati. Kile kitufe cha kuongeza na kupunguza kina mipaka yake, hakigeuzi shoki ya uwanjani kuwa ya barabara ya kwetu. Nunua shoki na springi zilizopangwa pamoja, na mwandikie muuzaji kabla hujalipa: gari gani, uzito gani, barabara gani, springi ya kilo ngapi. Muuzaji anayestahili pesa zako atakujibu kwa namba. Asipokujibu, tafuta mwingine.

Uliza jambo moja zaidi. Je, kimo cha gari kinarekebishwa kwa ringi ya springi peke yake, au pia kwa kuzungusha mwili wa shoki kwenye kikombe chake cha chini? Kwenye aina ya kwanza, ukiteremsha gari unakula nafasi ya shoki kubonyea. Kwenye ya pili unaweza kushusha gari huku shoki ikibaki katikati ya safari yake. Hiyo ya pili inagharimu zaidi na kwa Nairobi inastahili kila shilingi.

Turudi kwenye sentimita 7. Kaka, nakusihi, usipite sentimita 3.

Chungulia chini ya gari lako likiwa limesimama kwa kimo chake cha kiwandani, utaona mkono wa chini wa mbele umelala ukielekea nje na chini kidogo. Ukishusha gari mno, ncha yake ya nje inapanda juu kuliko ya ndani. Hapo mambo mawili yanaharibika kwa pamoja. Gari linaanza kulala zaidi kwenye kona ingawa umeliteremsha, kwa sababu ile nukta ambayo bodi hulalia imezama chini kwa kasi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Na tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, haiendi tena sambamba na mkono, kwa hiyo kila tuta linageuza magurudumu kidogo bila wewe kugusa usukani. Zipo spesa za chuma zinazofungwa kati ya mguu wa nguzo na kile kipande cha usukani chenye boliti mbili, na husaidia kurudisha mkono kwenye mlalo wake. Ninazifunga mara kwa mara. Lakini hazirudishi nafasi ya kubonyea uliyoitupa, na sentimita 7 ni karibu nafasi yote.

Na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nililelewa Kikuyu, enzi ambazo mbio za magari za Safari zilikuwa ndiyo Pasaka yenyewe. Gari hili lina jina hapa kwetu kuliko karibu popote. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena 1973. Magari yale yalisimama juu, yakiwa na miguu mirefu yenye nafasi ya kupanda na kushuka. Ukitaka picha ya kubandika ukutani ili ikuongoze, bandika hiyo. 240Z iliyosimama kwa kimo chake, tairi limejaa vizuri ndani ya fenda, ni gari zuri la kutazama.

Kabla hujatuma hata senti kwa muuzaji yeyote, lala chini ya gari na tochi. Ugonjwa ulioueleza, kuyumba na kurukaruka, mara nyingi una sababu za bei ndogo. Bushi (raba za maungio) za mkono wa chini zikiwa zimepasuka, gurudumu linatembea mbele na nyuma na hakuna koilova duniani itakayolishika. Angalia bushi za kibao cha usukani, angalia boljointi, angalia zile raba za juu ya nguzo, ambazo kwa gari la 1972 huenda ni za 1972. Kuhusu nyuma kukaa chini, itazame ncha ya springi. Iliyokatwa na grenda hujulikana, ncha ni butu na pengine ina alama ya kuungua. Mtu alitaka gari lishuke bila gharama. Mbele kuna fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini kwenda kwenye chesisi, inayoshikwa na bushi pande zote mbili za bamba. Hapo weka raba, angalau upande mmoja. Ukiweka zile bushi ngumu za poliurethani pande zote mbili, fimbo inakosa pa kugeukia, inapindwa na kurudishwa kila gurudumu likipanda, na chuma kinachopindwa hivyo mwisho hukatika. Ikikatika ukiwa unateremka Mai Mahiu, breki na usukani havitakusaidia.

Badilisha raba zote kwanza, kisha liendeshe hivyo kwa muda. Utajua gari lako linasema nini hasa.

Sasa kufunga. Kwenye 240Z, bomba la nguzo limeungana na kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma. Huwezi tu kufungua shoki ya zamani na kuweka mpya yenye springi yake. Ama unanunua nguzo kamili zinazokuja na vitovu vipya, ama unakata kile kikombe cha springi cha zamani, na mara nyingi unalifupisha bomba pia, halafu unachomelea bomba lenye hesi. Ukienda kwa njia ya pili, nina ombi: nguzo zilizokuja na gari usizikate. Tafuta nyingine, hata zenye kutu ya juu juu, uzikate hizo. Sheria yetu hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na 240Z zilizobaki nchini ni zile zile zilizokuwapo. Siku utakayotaka kulirudisha gari kama lilivyozaliwa, au mtoto wako atakayetaka, nguzo ziwe zimefungwa kwa gunia lenye mafuta kwenye rafu.

Kukata na kuchomelea si kazi ya kila mwenye mashine. Pale Kariobangi Light Industries na huku kwetu Industrial Area wapo mafundi wa chuma ambao mikono yao naiheshimu kabisa. Mtafute mwenye mashine ya kuchomelea ya gesi ya argoni na mwenye lezi, ile mashine ya kuchonga chuma. Simama naye. Katriji, yaani shoki yenyewe inayokaa ndani ya bomba, itolewe, mafuta yamwagwe, beringi zitolewe kitovuni, maana umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unazitoboa vijidoa vidogo ambavyo hutaviona, lakini utavisikia baadaye zikianza kuunguruma. Chuma kisuguliwe hadi kimetakata. Kisha bomba lishikwe kwa nukta nne tu, na kabla ya kuendelea katriji itumbukizwe kuona kama inaingia bila kukwama. Ikiwa sawa, achomelee vipande vifupi, hapa kidogo, upande wa pili kidogo, ili joto lisilivute bomba upande mmoja. Akimaliza, kiachwe kipoe chenyewe. Fundi akinyoosha mkono kuchukua maji, mshike huo mkono.

Katriji ikiwa fupi kuliko bomba, weka pete ya chuma chini yake ili nati kubwa ya juu iibane kisawasawa. Isipobanwa itagonga ndani ko-ko-ko kwenye kila jiwe, na utabadilisha kila kitu kingine ukitafuta sauti hiyo. Mimina mafuta kidogo pembeni ya katriji kabla ya kufunga. Yanapeleka joto la shoki kwenye bomba la nje.

Upande wa nyuma utakutana na ile pini ndefu inayopita kwenye mguu wa nguzo na mkono wa chini, imebanwa katikati na kabari. Ikiwa haijawahi kutolewa, imeshikana na kutu. Usimruhusu mtu aigonge kwenye hesi zake, ncha itavimba na haitapita tena. Iloweshe mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale nayo, irudie, kisha ivutwe kwa kifaa cha boliti na bomba, si kwa nyundo. Ikikataa kabisa, fungua mkono upande wa ndani na utoe vyote pamoja, uende ukaisukume kwenye presi.

Halafu kuna kazi ambayo karibu kila mtu huiruka, na mimi siachi gari litoke bila hiyo. Funga shoki bila springi. Gari likiwa juu ya stendi, weka gurudumu, kisha lipandishe kwa jeki taratibu mpaka shoki iguse mpira wake wa kugongea. Geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Tazama tairi na kikombe cha springi, tazama tairi na fenda, ingiza vidole. Lishushe mpaka chini kabisa na utazame paipu ya breki: haitakiwi kuvutika wala kusuguana na kitu. Springi za koilova ni nyembamba kuliko za kiwandani, kwa hiyo utapata nafasi ya kuweka tairi pana kuliko zile 175 za zamani, lakini nafasi hiyo ipime hapa, gari likiwa juu ya stendi. Ukiishapima ndipo uweke springi.

Na usikaze boliti za bushi gari likiwa linaning'inia. Bushi ya raba imeshikana na bomba lake la ndani. Ukikaza magurudumu yakiwa yamening'inia, ukilishusha gari raba inajikunja na kubaki imejikunja maisha yake yote, mpaka ichanike. Zishike kwa mkono tu, lishushe gari chini, mtu aketi kwenye kiti cha dereva, lisukume mbele na nyuma ili miguu ikae, kisha ndipo ukaze. Hili ulisimamie mwenyewe.

Kimo kipime kutoka katikati ya kitovu hadi ukingo wa fenda, si kutoka sakafuni, maana upepo wa tairi hudanganya. Kimo kikishakaa ndipo upeleke gari kupangwa magurudumu, kwa sababu kila unapobadilisha kimo magurudumu nayo yanabadilisha yanavyotazamana. Liendeshe kilomita 500 hivi, springi mpya zitakuwa zimekaa, upime na kupanga tena.

Kuhusu vitufe vya shoki, anzia katikati. Chagua kipande kimoja cha barabara unachokijua, chenye tuta na viraka, ukipite kwa mwendo ule ule kila mara, na ubadilishe kitu kimoja tu. Pua ikiendelea kupanda baada ya tuta, ongeza nguvu ya kurudi. Gari likikita kwenye kila kiraka kikali, punguza nguvu ya kubonyea. Na ukifika kwenye changarawe yenye mawimbi, uone gari linazidi kuzama kadiri unavyokwenda na ugumu unaongezeka, jua umezidisha nguvu ya kurudi: gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi linalofuata. Wengi hulisikia hilo wakadhani springi ni laini, wakaongeza ugumu, na mambo yakazidi kuharibika.

Uliuliza kazi umpe nani. Kufungua na kufunga, makanika wako wa siku zote anaweza ukimpa karatasi hii. Kuchomelea na kuchonga, nimekueleza. Kupanga magurudumu, tafuta mahali ambapo watakuruhusu kukaa ndani ya gari wakati wanapima, na watakaokupa karatasi ya vipimo kabla na baada.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa Kilimani, nina MGB ya 1967. Fundi wangu anataka kutoa springi za majani za nyuma aweke koilova pale shoki zilipokuwa. Anasema gari litakuwa la kisasa. Nikubali?

JIBU: Dada, mwambie asimame kwanza. Yale majani yaliyopangana hayabebi gari tu. Ndiyo yanayoushika mhimili wa nyuma usiende mbele, usirudi nyuma, usitoke pembeni. Akiyatoa, ni lazima atengeneze fimbo za kuushika mhimili huo pande zote, na azichomelee kwenye bodi mahali palipoimarishwa. Pia pale shoki ilipofungwa palijengwa kuhimili kazi ya shoki peke yake. Akihamishia hapo uzito wa nyuma wa gari, bati litapasuka. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa ufundi na gari likawa zuri sana, lakini ni kazi ya kuunda upya nusu ya nyuma ya gari.

Kwa gari la kufurahia, nunua seti mpya ya majani yenye upinde sahihi na bushi mpya. Kisha muulize fundi wako kama amewahi kufungua kifuniko cha mafuta cha zile shoki zenye mkono wa chuma. MGB nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zinarukaruka zina shoki kavu. Mbele usizichezee ovyo, kwa sababu shoki ile ndiyo pia mkono wa juu wa gurudumu. Ikilegea, gurudumu zima limelegea. Zikivuja, zipelekwe kukarabatiwa, zirudishwe na mafuta yake maalumu, na utashangaa gari lilivyo tulivu.

SWALI: Nina Porsche 911 SC. Je, koilova zinaingia moja kwa moja? (Msomaji, Muthaiga)

JIBU: Zinaingia, ila fahamu kwamba gari lako halina springi za kuzunguka kabisa. Linabebwa na fimbo za chuma zinazojipinda, kama 911 zote hadi mfano wa 964 ulipokuja mwaka 1989. Ukiweka koilova nyuma na kutoa fimbo hizo, uzito unahamia kwenye maunti ya juu ya shoki, na hapo ni lazima paimarishwe kwa bati la ziada kabla ya yote. Kwa barabarani mimi ningebaki na fimbo, ningeweka nene kidogo, shoki mpya zinazolingana nazo, na ningetenga pesa za kutosha za kupanga kimo cha nyuma. Kazi hiyo inahitaji subira: fimbo inatolewa, inazungushwa meno, inarudishwa, inapimwa, na pengine inatolewa tena.

SWALI: Nilifunga koilova kwenye Toyota Celica yangu ya zamani. Sasa nataka kupandisha gari kidogo kabla ya mvua, lakini ringi hazizunguki. Nimejaribu nyundo na patasi. (Msomaji, Kitengela)

JIBU: Weka patasi chini leo hii. Ringi ni ya aluminiamu na bomba ni la chuma. Udongo mweusi wa huko kwenu ukiingia kwenye hesi na ukakauka, kisha vyuma viwili visivyofanana vikakaa na unyevu, vinashikana. Ukigonga, meno ya ringi yanakatika na hutapata pa kushika tena.

Toa nguzo kwenye gari. Loweka sehemu ya hesi kwenye maji ya moto yenye sabuni mpaka udongo wote ulainike, sugua kwa brashi ya shaba, si ya chuma. Kausha, weka mafuta ya kulegeza kutu, acha hadi kesho. Bana springi kwa kifaa chake ili ringi isiwe na uzito juu yake, hapo ndipo wengi wanakosea, kisha tumia spana yake yenye ndoano. Ikikataa, pasha joto ringi kidogo kwa hewa ya moto, kamwe usitumie moto wa gesi karibu na shoki iliyojaa hewa ya mgandamizo.

Ikishatoka, usipake grisi, inakusanya vumbi. Paka nta kavu au dawa ya kuzuia vyuma kushikana, safu nyembamba, na uvishe soksi ya raba juu ya hesi. Hesabu hesi zinazoonekana kulia na kushoto kabla ya kukaza ringi ya kufuli, kisha pima kimo tena gari likiwa chini, kwa sababu pande mbili zenye hesi sawa hazileti kimo sawa kila mara. Na kwa kuwa umepandisha gari, pitia kwa wa kupanga magurudumu kabla ya mvua kuanza.